Sufuria ya Umeme Ikiunguza, Anza na Ukuta

Kolwezi iko juu. Mji huu wa Kongo umekaa zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji hayangoji digrii 100 ndipo yachemke. Kwenye 95 hivi yameshaanza kutokota. Kwenye chai hakuna anayeona tofauti. Kwenye maharagwe inaonekana, tena mfukoni, kwa sababu maji yenye joto pungufu huivisha polepole, na kila nusu saa ya ziada ni makala mengine ndani ya mbabula, yaani jiko la makaa. Miti ya miombo inayochomwa makala inazidi kuwa mbali na mji, na gunia linalotoka mbali haliji kwa bei ya jirani.

Kwa hiyo ile sufuria ya umeme ya presha, yenye vitufe mbele na mfuniko wa kuzungusha hadi ujifunge, haikuingia jikoni mwa mitaa ya Manika na Dilala kama pambo. Mvuke ukishafungiwa ndani, presha inaongezeka kwa kilopaskali 70 hivi juu ya ile ya hewa ya nje, na maji yanapanda hadi kama digrii 112. Pwani sufuria hiyohiyo ingefika 115, kwa hiyo vitabu vya maelekezo, vilivyoandikwa kwa watu wa bondeni, vinampunja kidogo mpishi wa huku. Kanuni ya wapishi wa presha ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi mita 600. Kwa Kolwezi hiyo ni asilimia 15 hivi: maharagwe yaliyoandikiwa dakika 40, yape 46.

Tatizo linaanza baada ya miezi michache. Sufuria inafika kwa fundi, na maelezo ya wenyewe yanafanana: inapanda moto kupita kiasi. Moja inaandika E3 kwenye kioo na kukata kabla chakula hakijaiva. Nyingine inaunguza chini huku juu kukiwa kubichi. Nyingine imeyeyusha plagi. Na ipo iliyokufa tu, haiwaki hata taa. Lawama huwa tayari mdomoni: ni mali ya China. Mimi lawama hiyo siikubali yote. Ni kweli sufuria hizi nyingi zinatengenezwa China, hata zile zenye majina ya Ulaya na Marekani, na kati yake zipo za ovyo. Lakini kinachoziua Kolwezi mara nyingi kiko nje yake: kwenye ukuta zilikochomekwa, na kwenye mbabula iliyo pembeni.

Tuone kwanza moto wake unaongozwa vipi. Mwaka 1955 kampuni ya Toshiba ya Japani ilitoa sufuria ya umeme ya wali iliyojizima yenyewe. Aliibuni Yoshitada Minami, na mkewe Fumiko ndiye aliyefanya majaribio ya kupika. Siri yake ilikuwa nyepesi: maji yakiwepo, joto haliwezi kupita lile la kuchemka, yakiisha, joto linaruka ghafla na swichi inakata. Sufuria za leo zina kihisi katikati ya bamba la moto, kidude cha duara chenye springi kinachobonyea ukiweka sufuria ya ndani, na kompyuta ndogo inayokisoma muda wote. Kanuni imebaki ileile. Sufuria ikilalamika kwamba ina moto mwingi, mara nyingi inasema moja kati ya mambo mawili: chini hakuna maji ya kubeba joto, au joto la bamba halifiki kwenye chakula. Lipo la tatu, baya zaidi, nalo linatokana na umeme wenyewe.

Umeme wa Kolwezi una historia ambayo ingechekesha kama isingeudhi. Mabwawa mawili ya karibu, Nzilo na Nseke, yalijengwa juu ya mto Lualaba enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière. La kwanza lilianza kazi mwaka 1952, la pili 1956, na yote mawili yalikusudiwa migodi na viwanda vya kusafishia shaba. Mwaka 1982 ikaja laini ya Inga, kilomita 1,700 hivi kutoka Kongo ya Chini hadi hapa, ikibeba umeme wa mkondo mnyoofu juu ya vichwa vya vijiji visivyo na taa hata moja, mpaka kwenye stesheni ya Kolwezi inayougeuza kuwa umeme wa kutumika. Miaka ya karibuni likaongezeka bwawa la Busanga, megawati 240, kwa ajili ya mgodi wa Sicomines. Pamoja na hayo yote migodi yenyewe haishibi. Inanunua umeme wa Zambia na kuwasha jenereta za dizeli. Penye mgodi unaoomba, nyumba ya mtaa wa Kasulo itapata nini? Inapata mabaki, na delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu.

Jioni ndiyo saa ya kupima mabaki hayo. Nyumba nyingi nchini zinalipa shirika la umeme, SNEL, kwa mkupuo kila mwezi, bila mita, na asiyehesabiwa hana haraka ya kuzima resho, lile jiko la umeme. Kila nyumba ikiwasha lake, transfoma ya mtaa inabeba mzigo isioumbiwa, na volti zinaporomoka. Hesabu yake ni hii: nguvu ya bamba hupanda na kushuka kwa mraba wa volti. Sufuria ya wati 1,000 kwenye volti 220, ikipewa volti 160, inabaki na wati 530 hivi. Ikipewa 250, inafika wati 1,290. Kwa hiyo umeme mdogo hauunguzi chakula kama wengi wanavyodhani. Unachelewesha.

Kinachoumia ni rilei, swichi ndogo ya sumaku inayowasha na kuzima bamba. Kwenye sufuria za bei ya chini, volti zikishuka sana sumaku hiyo inakosa nguvu. Inashika na kuachia, inashika na kuachia, ukisikiliza kwa karibu inasikika kama kucha ikigonga bati, na kila mshiko una cheche yake. Mwisho wa cheche hizo ni ncha mbili za chuma kuungana. Rilei iliyoungana haiachii tena: unabonyeza kitufe cha kuzima, taa inazima, bamba linaendelea kuwaka. Hilo ndilo la tatu nililolitaja.

Umeme mkubwa hauna polepole. Waya wa nyutro ukikatika au kulegea kwenye njia ya mtaa, nyumba moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 380 huku jirani akibaki gizani nusu. Taa zikianza kung'aa kuliko kawaida, chomoa kila kitu, maswali baadaye. Na ipo sufuria iliyotumwa kwa mapenzi na ndugu aliye Marekani au Kanada. Huko umeme wa nyumbani ni volti 120. Sufuria ya huko ya wati 1,000, ikichomekwa kwenye 220, inajaribu kuvuta zaidi ya wati 3,300. Haipiki, inalia mara moja na kunyamaza. Kibandiko kiko chini ya tumbo lake. Kama hakikuandikwa 220 au 220–240, usiichomeke.

Tukishaacha volti, bado tupo ukutani. Sufuria iliyotengenezwa kwa soko la ndani la China ina plagi ya meno matatu bapa, mawili yakiwa yameinamiana. Soketi za Kongo ni za matundu ya duara, urithi wa Wabelgiji. Kati yao inaingia adapta. Sufuria ya wati 1,000 inavuta ampea 4.5 hivi, kiasi ambacho soketi nzima inakibeba bila jasho. Lakini jino lililolegea ndani ya adapta linagusa kwa ncha tu, na ampea zote zinapita kwenye ncha hiyo kwa dakika 40. Joto linakusanyika kwenye meno badala ya kwenye maharagwe. Baada ya robo saa ya kupika, chomoa na uguse plagi. Ikiwa na uvuguvugu, sawa. Ikiwa inachoma, au plastiki imegeuka rangi ya chai, badilisha plagi na soketi pamoja, kwa sababu soketi iliyoungua itaiunguza plagi mpya wiki ijayo.

Na ralonji, ule waya wa kurefushia umeme, nayo ina visa vyake. Nchi hii ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Mgodi wa Kamoa-Kakula peke yake, ulio magharibi mwa mji, ulitoa zaidi ya tani 400,000 mwaka 2024. Halafu katika mkoa huohuo mtu anaweza kuuziwa waya ambao ndani ni aluminiamu iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu. Hiyo hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya uwezo wa shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unapata moto zaidi. Waya wa namna hiyo uliokunjwa nyuma ya kabati, ukiwa umebeba sufuria, friji na pasi kwa mpigo, ni hatari ya moto nyumbani hata kama sufuria ni nzima.

Sasa mbabula. Delestaji inaingia saa kumi na mbili jioni, maharagwe yako nusu, watoto wana njaa. Mpishi anafungua mfuniko, anaitoa sufuria ya ndani na kuiweka juu ya makala. Simlaumu, maana chakula lazima kiive. Ila ile sufuria ya ndani haikuumbwa kwa moto wa makala. Kitako chake kimetengenezwa kilingane na bamba, kigusane nalo pande zote, kwa kuwa joto linapita kwa mguso. Makala mekundu yana mamia ya digrii na hayako sawasawa: upande huu yamekolea, ule yamezimika. Aluminiamu nyembamba inajikunja kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Masizi yanaganda. Rangi nyeusi ya ndani inayozuia chakula kushika inaanza kubanduka.

Umeme ukirudi, sufuria inarudishwa mahali pake na kila kitu kinaonekana sawa. Si sawa. Bamba sasa linagusa sehemu tu ya kitako, kwingine kuna hewa na masizi. Joto halina pa kwenda, bamba linapanda, kihisi kinaona kisichopaswa kukiona, na kioo kinaandika E3. Fundi mwenye uzoefu huuliza kabla ya kushika bisibisi: "Mama, hii ulitiaka ku mbabula?" Jibu mara nyingi ni lilelile: "Njo vile. Kuran ilienda."

Kuipima si kazi. Sufuria ikiwa baridi na imechomolewa, pangusa bamba na kitako kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, rudisha sufuria ya ndani na ubonyeze ukingo wake huku na huku. Isicheze. Izungushe kidogo, isikwaruze. Bonyeza kihisi kwa kidole: kishuke na kurudi chenyewe. Punje moja ya wali iliyokauka pembeni ya kihisi inatosha kukikwamisha. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara za malori linaingia kila mahali; likichanganyika na mvuke linaganda kama rangi. Ikicheza baada ya kusafishwa, tafuta sufuria ya ndani nyingine ya modeli ileile. Usitie sufuria nyingine yoyote ya nyumbani kwa sababu imeingia. Kuingia si kugusana.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, chomoa na usifungue. Kuta za sufuria zimekingwa, na maharagwe yaliyokwisha kupata presha yanaendelea kuiva kwa joto lililobaki kwa muda mzuri. Ikibidi kumalizia kwa makala, mimina chakula kwenye sufuria ya kawaida. Umeme ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke, maana dakika za kwanza friji na resho za mtaa mzima zinaamka pamoja na volti zinayumba. Kile kifaa kinachouzwa kulinda friji, kinachokata volti zikiwa chini au juu mno na kungoja kabla ya kurudisha, kinaifaa sufuria pia. Chagua cha ampea 13 au zaidi. Cha ampea 5 kitakuwa kinabeba mzigo hadi shingoni.

Chakula chenyewe nacho kina hatia yake. Bukari haipikwi humu, hata kama muuzaji amesema sufuria inapika kila kitu. Unga uliokwisha kushikana hauzungushi joto: chini unakauka na kuungua, juu unga mbichi, na kihisi kinakata kwa haki kabisa. Isitoshe, sufuria isiyo na mkono inazunguka na mwiko. Bukari ibaki na sufuria yake. Sombe inapikika, kwa masharti. Ichemke kwanza bila mfuniko, ile sumu ya asili ya majani ya mihogo iondoke na mvuke. Iwe na maji ya kutosha. Mafuta ya mawese na karanga vingoje mwisho, presha ikishatolewa. Nyanya ya kopo isikorogwe mwanzoni, iwekwe juu na iachwe. Maharagwe yasipite nusu ya sufuria, maana yanavimba na maganda yake yanaziba tundu la mvuke.

Ukitaka kujua kosa ni la mpishi au la mashine, tumia maji. Lita moja ya maji safi, mfuniko umefungwa, dakika 5 za presha. Ikimaliza bila kelele, sufuria ni nzima, rekebisha mapishi. Ikiandika E3 kwa maji matupu, kosa liko kwenye mguso, kihisi au umeme. Jaribio la pili ni fupi zaidi na ni muhimu zaidi: ikiwa baridi, na hayo maji ndani, ichomeke bila kuchagua programu yoyote. Ngoja dakika 5. Maji hayapaswi kupata hata uvuguvugu. Yakipata, rilei imeungana. Chomoa, na isichomekwe tena mpaka ibadilishwe.

Tanzania imejiwekea mkakati wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, kwamba ifikapo mwisho wake asilimia 80 ya watu wawe wanapika kwa nishati safi, na sufuria za presha za umeme zimo katika mpango huo. Nchini Kenya, shirika la umeme liliendesha kampeni liliyoiita Pika na Power. Ni mambo mema. Mimi ningependa mtu ahesabu pia ngapi kati ya zilizonunuliwa bado zinapika baada ya miaka miwili, na nani anajua kuzitengeneza.

Maana kazi ya ndani inataka fundi, na hapo kwa fundi ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Ukifungua kitako, chini ya bamba utaona kidude chembamba, kirefu kama nusu ya njiti ya kiberiti, ndani ya kimfuko cha nyuzi za kioo, kimebanwa kwenye chuma. Hiyo ni fyuzi ya joto. Juu yake yameandikwa ampea, mara nyingi 10, na digrii, kwa kawaida kati ya 165 na 190. Bamba likifika digrii hizo, fyuzi inakatika na hairudi. Sufuria iliyokufa bila taa wala sauti mara nyingi imekatika hapo tu. Haikuharibika, imejitoa mhanga isiunguze nyumba.

Fundi mwenye haraka anaikata na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Sufuria inawaka, mteja anafurahi, analipa. Lakini sababu iliyoikata bado imo: kitako kilichojikunja, au rilei iliyoungana. Siku bamba likipanda tena, hakuna wa kulizuia, na mpishi yuko sokoni kwa kuwa aliambiwa sufuria hii haihitaji kuangaliwa.

Fundi mzuri anachukua multimita, sufuria ikiwa imechomolewa. Bamba la wati 1,000 la volti 220 linasoma omu 48 hivi. Kihisi kikishikwa kwa vidole namba yake inashuka taratibu kadiri kinavyopata joto, kisiposhuka, kimekufa. Ncha za rilei zisisomane. Kati ya meno ya plagi na chuma cha mwili kusiwe na njia kabisa, hasa kwenye nyumba zisizo na waya wa ardhi. Akishajua sababu, anaweka fyuzi mpya ya digrii zilezile, akiibana kwa kikonyo cha chuma, asiilehemu, kwa kuwa moto wa kulehemu unaikata kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Kwa hiyo ukienda kuichukua sufuria yako, mwombe fundi akuonyeshe fyuzi ya zamani mkononi na mpya mahali pake, kabla hajarudisha skrubu, na usome namba zote mbili. Akikujibu kwamba ameiunga moja kwa moja na haina neno, usimlipe na usiichomeke.